Kutoka Sifa hadi Tendo: Mwongozo Kamili wa Usaili wa Mchezo wa Kuigiza Shuleni na wa Kumwelewa Mhusika

Mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa usaili wa mchezo wa kuigiza mara nyingi huanzia mahali pasipofaa. Husimama mbele ya kioo, akakunja uso ili aonekane mwenye hasira, akalegeza macho ili aonekane mwenye huzuni, kisha akakariri maneno hadi yatoke bila kukwama. Siku ya usaili ikifika hutoa yote aliyoyaandaa, halafu hushangaa kwamba nafasi amepewa mwenzake ambaye sauti yake haikuwa kubwa wala machozi hayakumtoka. Nimekaa upande wa meza ya wasaili kwa misimu ya kutosha kuweza kusema kinachowatofautisha wanafunzi hao wawili: wa kwanza alikuja kuonyesha hisia, na wa pili alikuja akijua mhusika wake anataka nini kwa mtu aliye mbele yake. Mwongozo huu unafuata hatua za usaili tangu siku tangazo linapobandikwa hadi siku orodha ya majina inapotolewa, lakini sehemu yake kubwa inahusu kumwelewa mhusika, kwa kuwa huko ndiko usaili unakofaulu au kuanguka.

Hatua ya kwanza: lisome tangazo kama swali la mtihani

Tangazo la usaili hujibu maswali ambayo wengi huyauliza wakiwa wamekwisha kuchelewa. Tazama kwanza unatakiwa ulete nini: monolojia uliyoikariri (yaani maneno marefu ya mhusika mmoja asiyekatizwa), wimbo, au mikono mitupu kwa sababu utapewa kurasa za kusoma papo hapo. Tazama muda uliowekwa, kwa kuwa ukiambiwa dakika moja ukaandaa tatu utakatizwa kabla hujafika pale ulipopatia nguvu. Tazama pia kama tamthilia yenyewe imetajwa, na kama nakala zake zipo maktabani au kwa mwalimu anayeongoza mchezo. Ombi la nakala siku ile ile ya tangazo ni ombi la kawaida kabisa na halimkeri mtu.

Mara nyingi kuna fomu ya kujaza, nayo huuliza ratiba yako ya juma. Ijaze kwa ukweli. Mwongozaji hupanga waigizaji pamoja na siku za mazoezi kwa wakati mmoja, na mwanafunzi aliyeficha kwamba ana mazoezi ya mpira kila Alhamisi hulazimisha kikosi kizima kupangwa upya mchezo ukiwa umeshaanza kujengeka. Fomu ikiuliza kama uko tayari kupokea nafasi yoyote, usiandike ndiyo ili upendwe. Iandike ikiwa ndivyo ilivyo.

Hatua ya pili: soma tamthilia nzima

Mwishoni mwa karne ya 16, waigizaji wa makundi ya London, likiwamo lile la Shakespeare, hawakupewa tamthilia nzima. Kila mmoja alinakiliwa maneno yake peke yake kwenye ukanda wa karatasi uliokunjwa kwa kuviringishwa, pamoja na maneno machache ya mwisho ya mwenzake ili ajue kwamba zamu yake imefika. Kunakili kwa mkono kulikuwa kazi ndefu na ya gharama, na waigizaji hao walikuwa watu wa ufundi waliozoea hali hiyo. Mwanafunzi wa leo ambaye ana kitabu kizima mkononi lakini anasoma kurasa zenye jina la mhusika anayemtamani tu anajinyima kwa hiari kitu ambacho wao hawakuwa nacho.

Isome mara tatu, kila mara kwa shabaha yake. Usomaji wa kwanza uwe wa mkao mmoja, bila kalamu, kama mtu aliyekaa ukumbini. Ukicheka, ukiudhika au ukichoka, kumbuka ilikuwa wapi, kwa sababu hadhira nayo huenda ikahisi hivyo hivyo mahali hapo. Usomaji wa pili uwe na penseli. Usomaji wa tatu uwe wa sauti, ukisoma nafasi zote, hata za wahusika usiowapenda. Tamthilia imeandikwa ipite masikioni, na kuna mambo ambayo jicho haliyaoni: kwamba mhusika fulani husema sentensi fupi fupi mbele ya baba yake na sentensi ndefu mbele ya rafiki, au kwamba kuna onyesho ambalo mtu mmoja tu ndiye anayeuliza maswali na wote wengine wanajibu.

Usichague mapema mno mhusika unayemtaka. Mwanafunzi aliyekwisha kujipa nafasi ya mhusika mkuu husoma maonyesho mengine kama njia ya kupitia, na wasaili wakimpa kurasa za mhusika mwingine hushikwa na butwaa.

Hatua ya tatu: mkusanyie mhusika ushahidi

Chukua daftari, ufungue kurasa nne kwa kila mhusika unayemfikiria. Ukurasa wa kwanza, andika anayoyasema juu ya nafsi yake. Wa pili, andika wengine wanayoyasema juu yake, ukitaja ni nani aliyesema na kama mhusika mwenyewe alikuwapo au alikuwa hayupo. Wa tatu, andika anayoyatenda. Wa nne, andika maelekezo ya jukwaani yanayomhusu: anaingia kutoka wapi, anashika nini, ananyamaza wapi.

Ukimaliza, zilinganishe kurasa hizo, na mahali zinapopingana ndipo mhusika anapoanza kuwa mtu. Anayejiita mvumilivu lakini ukurasa wa tatu unaonyesha kwamba ametoka chumbani mara mbili kabla wenzake hawajamaliza kusema amekuambia jambo kubwa ambalo maneno yake yalilificha. Wahusika hudanganya, hujisifu, hujidharau na hukosea kama watu wengine wote, na mwandishi hana wajibu wa kukuonya. Ushahidi wenye uzito zaidi ni ule wa vitendo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwisha kueleza kwamba tabia ya mhusika hudhihirika katika uchaguzi anaoufanya. Ndiyo maana katika ukurasa wa tatu ni vyema kupigia mstari kila mahali ambapo mhusika angeweza kufanya vinginevyo na hakufanya.

Kuna ushahidi mwingine ambao lugha yetu inautoa kwa wingi, nao ni namna wahusika wanavyoitana. Fuatilia ni wapi anayeitwa "Mama" anageuka kuwa "wewe", ni wapi "Mwalimu" inaongezwa mahali ambapo haikuhitajika, na ni nani asiyeitwa kwa jina lake tangu mwanzo hadi mwisho. Mwandishi mzuri hatumii maneno hayo kujazia mstari.

Hatua ya nne: toka kwenye sifa, ingia kwenye tendo

Somo la fasihi limetuzoeza kuorodhesha sifa za wahusika: ni mkarimu, ni mvumilivu, ni mwenye tamaa. Limetuzoeza pia kuwagawa kuwa wakuu na wasaidizi, bapa na duara. Orodha hiyo ina kazi yake katika insha, lakini jukwaani haina mahali pa kuishika. Hakuna awezaye kuigiza ukarimu. Anachoweza ni kumwachia mwenzake kiti cha pekee kilichopo chumbani ilhali miguu yake mwenyewe inamuuma, na hadhira ndiyo itakayosema moyoni kwamba huyu ni mkarimu. Sifa ni hitimisho la mtazamaji. Mwigizaji akianza nayo, huanza kwenye mwisho.

Konstantin Stanislavski (1863–1938), mwigizaji na mwongozaji wa Urusi ambaye mwaka 1898 alikuwa mmoja wa waanzilishi wawili wa Ukumbi wa Sanaa wa Moscow, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta namna ya kumwondoa mwigizaji kwenye hisia za kubandika. Matatu kati ya aliyoyafundisha yanaweza kufanyiwa kazi na mwanafunzi jioni moja. La kwanza ni hali zilizotolewa na mwandishi: mhusika ni nani, yuko wapi, ni wakati gani, na nini kimetokea kabla hajafungua kinywa. La pili ni lengo, yaani kile anachokitaka katika onyesho hili. La tatu ni neno dogo "kama": kama mimi ningekuwa katika hali hiyo, ningefanya nini?

Nimetunga kipande hiki ili tuyaone hayo matatu yakifanya kazi.

DADA: Umerudi.
MDOGO: Nimerudi.
DADA: Umekula?
MDOGO: Sina njaa.
DADA: Barua yako iko mezani.
MDOGO: Imefunguliwa, Dada.
DADA: Ilikuja hivyo hivyo.

Hali zilizotolewa ni hizi: wazazi wao wamefariki na dada ndiye aliyemlea mdogo wake, mdogo aliomba nafasi ya masomo katika mji wa mbali bila kumwambia, majibu yameletwa leo mchana, na dada ameyasoma. Mwanafunzi anayeanzia kwenye sifa ataandika kwamba dada ni mwongo na mdogo ni msiri, kisha atageuza macho pembeni kwa hila anaposema "ilikuja hivyo hivyo". Wasaili wataona hila, na hawataona kitu kingine.

Anzia sasa kwenye lengo. Dada anataka mdogo wake asiondoke. Lengo hilo likishawekwa, kila mstari unapata kazi. "Umekula?" haiulizi habari za njaa, inamkumbusha mdogo ni nani aliyekuwa akimpakulia miaka yote. Mdogo naye hajibu alichoulizwa, kwa kuwa "sina njaa" haisemi amekula wala hajala, bali inaufunga mlango uliofunguliwa kwa upole. Halafu tazama barua. Dada angeweza kuificha, kuichana au kuikunja upya, lakini ameiweka mezani na yeye mwenyewe ndiye anayeitaja. Huo ni uchaguzi, na mwigizaji lazima awe na jibu lake: huenda anataka akamatwe ili mazungumzo anayoyaogopa yaanze, au huenda anatarajia kwamba mdogo ataona aibu kabla yake. Majibu yote mawili yanaigizika. Lisiloigizika ni kukosa jibu.

Mstari wa sita ndio ninaoupenda zaidi. Mdogo hasemi "umeifungua", anasema "imefunguliwa", akamwachia dada yake nafasi ya kukiri mwenyewe. Na neno "Dada", ambalo hakulitamka alipoingia, linatokea hapo kwa mara ya kwanza. Je, ni heshima inayolainisha tuhuma, au ni ukumbusho wa udugu unaofanya tuhuma iume zaidi? Chagua moja, uliigize kikamilifu, kisha siku nyingine jaribu la pili. Mwigizaji aliyegundua hofu ya dada ya kubaki peke yake hatausema uongo wa mstari wa mwisho kwa hila. Ataweza kuusema haraka, mikono ikitafuta kitu cha kupanga mezani, na ukumbi mzima utajua kwamba ni uongo na bado utamhurumia.

Ili kuigeuza kazi hii iwe ya mkononi, andika kando ya kila mstari kitenzi kimoja kinachoeleza unamfanya nini mwenzako. Hapa Kiswahili kinatupa kipimo kizuri ambacho sioni kikitumiwa vya kutosha: kiambishi cha mtendwa, ile -m- inayosimama badala ya mtu anayetendewa. Kumbembeleza, kumtega, kumpima, kumzuia, kumnyamazisha, kumwaibisha: vitenzi hivi vyote vinampokea mtu, kwa hiyo kila kimoja kinakutoa ndani yako na kukupeleka kwa mwenzako. Jaribu sasa kuhuzunika au kukasirika. Vinakataa, kwa sababu vinaishia kwa mwenye kuvihisi. Ukitaka kukasirika kukubali, huna budi kukitia kauli ya kutendea kiwe kumkasirikia, na papo hapo hasira imepata wa kumwendea. Kitenzi kisichopokea mtu kifute, utafute kingine. Kwa dada wetu, kumpokea, kumbembeleza, kumpima na kumkwepa vinatosha mistari yake minne, na mahali kitenzi kinapobadilika ndipo sauti, kasi au mwili vinapobadilika bila wewe kupanga.

Ongeza mambo mawili. Kwanza, tafuta kizuizi, maana lengo lisilozuiwa halizai mchezo. Kizuizi cha dada ni kwamba anamtakia mdogo wake mema na anajua barua ile ni njema. Pili, amua nini kimetokea dakika tano kabla ya mstari wa kwanza. Dada aliyekuwa ameketi akitazama mlango na dada aliyekuwa amelala husema "umerudi" kwa namna mbili zisizofanana.

Usimhukumu unayemwigiza

Wanafunzi wengi humwelewa vizuri mhusika mwema, kisha wakipewa mpinzani wake humvisha ubaya mtupu: kicheko kikavu, sauti ya kukwaruza, kidole kilichonyooshwa. Mfano mzuri wa kutuonya ni mfalme Creon katika Antigone ya Sophocles, tamthilia ya Ugiriki ya kale ya karne ya 5 kabla ya Kristo. Anakataza maiti ya mpwa wake Polyneices isizikwe, na amri hiyo inaishia kuangamiza nyumba yake. Ni rahisi kumfanya jitu. Lakini hali alizopewa ni hizi: vita vya kugombea mji ndiyo kwanza vimekwisha, Polyneices alikuja na jeshi la kigeni kuushambulia mji wake mwenyewe, na Creon ameshika utawala muda huo huo. Anataka mji utulie na sheria iheshimiwe. Mwigizaji anayeyaamini hayo humfanya Creon awe wa kutisha kweli kweli, kwa sababu hadhira inajikuta inakubaliana naye kwa muda kabla ya kuona anakoelekea. Kila mhusika, machoni pake, ana haki.

Vivyo hivyo kwa nafasi fupi. Mjumbe anayeingia mara moja kutoa habari amekuja kutoka mahali, anaogopa au haogopi kupokewa vibaya, na anataka jambo, hata kama ni kumaliza upesi aende zake.

Hatua ya tano: chagua na andaa monolojia

Ukitakiwa ulete monolojia, chagua ya mhusika ambaye umri wake haukupiti mbali, iliyo ndani ya muda uliowekwa, na ambayo mzungumzaji anamwambia mtu mwingine jambo sasa hivi kwa sababu anahitaji kitu kutoka kwake. Epuka ile inayosimulia tukio la zamani tu bila haja ya leo, kwa kuwa itakugeuza msimulizi. Epuka pia ile inayoanza kwa kilele, ya kupiga kelele au kulia tangu sentensi ya kwanza, maana haikuachii pa kupanda. Ikiwa mchezo wa shule ni wa kuchekesha, leta kitu chenye wepesi; ikiwa ni wa majonzi, wasaili watataka kuona kama unaweza kutulia.

Itoe katika tamthilia iliyochapishwa na uisome tamthilia hiyo yote, kwa sababu swali "kabla ya hapa kulitokea nini?" huulizwa mara nyingi, na anayeduwaa mbele yake amejieleza.

Kukariri kunakuja baada ya kuelewa. Igawe monolojia katika vipande kulingana na mahali kitenzi kinapobadilika, ukariri wazo la kila kipande kabla ya maneno yake, kisha maneno yenyewe kwa uaminifu, bila kubadilisha ya mwandishi kwa ya kwako. Isome kwa sauti kabla ya kulala na tena asubuhi. Ikariri ukiwa unatembea, ukifua, ukifagia. Maneno yanayotoka wakati mikono ina kazi ndiyo yatakayotoka wakati moyo unadunda. Usikariri namna ya kuyasema, kwa maana lafudhi iliyogandishwa nyumbani haitaweza kupokea maelekezo siku ya usaili.

Kuhusu sauti, kosa ninalolisikia zaidi ni kuumeza mwisho wa sentensi. Pumzi ikiisha kabla ya maneno, silabi za mwisho huanguka kifuani, na pamoja nazo huanguka neno ambalo mara nyingi ndilo lililobeba uzito. Vuta pumzi chini, tumbo likitanuka na mabega yakitulia, na uifikishe sauti mpaka ukuta wa nyuma wa chumba bila kupiga kelele. Fanya zoezi hili ukiwa na mtu amesimama mbali, naye anyooshe mkono kila anapokosa neno. Kuhusu mwili, simama kwa miguu yote miwili na uache kutikisika. Ukitembea, tembea kwa sababu mhusika ana pa kwenda.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Vaa nguo zinazokuruhusu kuinama na kukaa chini, za heshima na zisizovuta macho kuliko uso wako. Maleba ya mhusika hayahitajiki, na huwafanya wasaili wakuone umekwisha kujipa nafasi. Fika mapema kiasi cha kutosha kunywa maji, kunyoosha viungo na kuipasha sauti moto mahali penye faragha. Wanaongoja nje wanasikilizwa zaidi ya wanavyodhani, na anayewacheka wenzake mlangoni hubebwa na sifa hiyo hadi ndani.

Ukiitwa, ingia, salimu, taja jina lako, mhusika na tamthilia, kisha nyamaza kwa pumzi moja. Pumzi hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana: ndani yake unamweka mwenzako wa kuwaziwa mahali pake, unakumbuka unataka nini kwake, ndipo unaanza. Mweke mtu huyo juu kidogo ya vichwa vya wasaili au kando yao. Usiwakazie macho wasaili wenyewe kana kwamba ndio unaogombana nao, kwa kuwa wanahitaji uhuru wa kuandika na kukutazama.

Ukisahau mstari, usiombe radhi wala usitoke katika uhusika. Baki na lengo lako, mtazame yule mwenzako, vuta pumzi. Mara nyingi neno hurudi lenyewe kwa sababu ulilishika kwa wazo. Lisiporudi, omba kwa utulivu kuanza upya kipande hicho. Sijawahi kuona nafasi ikipotea kwa mstari mmoja uliosahaulika, lakini nimeona nyingi zikipotea kwa uso wa aibu uliodumu hadi mwisho. Ukimaliza, tulia kidogo, shukuru. Usieleze kwamba jana ulifanya vizuri zaidi.

Hatua ya saba: kusoma papo hapo

Huu ndio mtihani unaoogopwa zaidi, ingawa aliyefanya kazi ya hatua ya nne huwa ameushinda nusu. Ukipewa kurasa na dakika chache, usizitumie kukariri. Jiulize maswali manne kwa haraka: ninazungumza na nani, ninataka nini kwake, kinanizuia nini, na ni mstari gani mambo yanapogeuka. Weka alama ya penseli kwenye mstari huo, kama umeruhusiwa.

Ishike karatasi kwa mkono mmoja kwenye usawa wa kifua, si usoni, na kidole gumba kikiteleza pembeni kuonyesha ulipofika. Zoa maneno ya sentensi kwa jicho, inua uso, yaseme kwa mwenzako. Mwenzako anaposema, msikilize, usikimbilie kuusoma mstari wako unaofuata. Katika Kigiriki cha kale mwigizaji aliitwa hypokrites, neno linalotokana na kitenzi chenye maana ya kujibu, na katika usomaji wa papo hapo ndipo ukweli wa jina hilo unapoonekana: msaili hutambua mara moja nani anajibu alichoambiwa na nani anasubiri zamu yake. Ukikosea neno, endelea.

Mara nyingi mwongozaji atakwambia urudie onyesho kwa namna nyingine, pengine kwa namna inayopingana kabisa na ulivyofanya. Hii haina maana kwamba ulikosea. Anapima kama unaweza kupokea maelekezo, kwa kuwa atakaa nawe mazoezini kwa wiki nyingi. Akikwambia "sema naye kana kwamba unamwogopa", badilisha kitenzi chako, toka kumtisha uende kumtuliza, na mengine yatafuata. Kama hukuelewa maelekezo, uliza. Swali moja la wazi ni afadhali kuliko marudio yasiyo na tofauti.

Hatua ya nane: kuitwa mara ya pili, na baada ya orodha

Wanaoitwa tena husomeshwa wawili wawili au kwa makundi, kwa sababu sasa mwongozaji anatafuta uwiano: nani anaonekana kaka wa nani, sauti zipi hazigongani, nani anawafanya wenzake wawe bora. Rudi na lile lile lililokufanya uitwe, usije na mhusika mpya uliyemtunga usiku. Msaidie unayesoma naye hata kama mnagombea nafasi moja. Akipata shida ya mstari, mpe muda na umtazame.

Orodha ikitoka, isome mara moja, kisha ondoka mahali hapo kabla hujasema neno, liwe la furaha au la machungu, kwani aliye kando yako huenda hakupata alichokitaka. Ukipewa nafasi ndogo, fungua tena kurasa nne za daftari na umkusanyie mhusika huyo ushahidi kwa bidii ile ile. Ukiteuliwa kuwa mbadala wa mwigizaji mwingine, kariri nafasi yake yote na uandike kila mwendo anaopangiwa mazoezini, maana siku ukiitwa hakutakuwa na muda wa kuuliza. Kama jina lako halipo, subiri siku mbili tatu, umwendee mwongozaji na umuulize jambo gani moja ulifanyie kazi kabla ya usaili ujao. Usimuulize kwa nini fulani alichaguliwa. Na ikiwa kuna nafasi upande wa taa, maleba au upangaji wa jukwaa, iombe. Utawaona wenzako wakijenga wahusika jioni baada ya jioni, na daftari lako liwe mkononi.